Mtoro Hafui Yunifomu

Kisugu, Kampala
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Lamunu,

Nisamehe sana kwa kukaa kimya tangu Novemba. Najua umekuwa ukimfuata kondakta wa basi la Kampala kumuuliza kama ana bahasha yako, na najua alivyokujibu, maana yule bwana hata mimi hunijibu kana kwamba nimemwibia kiti. Kila siku yangu ya kupumzika nilisema, leo namwandikia. Nakaa kitandani kuvua viatu. Nikija kushtuka ni jioni, kiatu kimoja bado kiko mguuni na Atoo ananivuta nywele.

Hapa hatujambo. Atoo ameota meno mawili ya chini na ana hasira ya ukoo wetu. Baba yake, Wandera, akirudi na lori kutoka Juba, mtoto anamkagua kuanzia kofia hadi ndala kabla ya kukubali kubebwa. Wandera anakusalimu. Haboba Zuleika, bibi mwenye nyumba wetu, yule Mnubi uliyemsifia vikapu siku ya ubatizo, ndiye bado anakaa na mtoto mchana. Anamwimbia Kinubi kutwa. Mjukuu wako akija kukuamkia kwa Kinubi usinilaumu mimi.

Na wewe je? Masikio? Ningekupigia simu kila wiki, lakini tangu lile bomu la barabarani simu haikufai, na ujumbe wa kuandika hutaki, unasema ni wa kuitana msibani. Basi tuendelee hivihivi na kondakta wetu.

Kazi ipo. Udobi wa Afande Bonny umekua, sasa tunafua mashuka ya hoteli tatu. Sijasahau kwamba wewe ndiye uliyeniombea nafasi kwake.

Ila kuna jambo. Kwenye ukuta wa chumba cha pasi kulikuwa na kibao kimoja, kipande cha mbao chenye kamba. Anayekishika ndiye anayeruhusiwa kutoka kwenye mstari: chooni, kunywa maji, kula. Akirudi anakitundika, mwingine anakichukua. Kilikuwa kimoja kwa wanawake wote, lakini tulikizoea. Tangu Krismasi Afande Bonny amekitoa ukutani, anakiweka kwenye droo ya meza yake. Ukikihitaji unakwenda kuomba, naye anakuuliza kwa sauti, wote wasikie: unakwenda kufanya nini? Ya jana hukumaliza? Wengi wameacha kuomba. Tunakula tumesimama, mkono mmoja kwenye pasi. Msichana mmoja ameacha kunywa maji kabisa, na joto la mle ndani unalijua, ni kama kukaa ndani ya sufuria.

Shangazi, mimi bado nanyonyesha. Nimejaribu kumzoesha Atoo kikombe, anakipiga teke.

Nikiiacha kazi hii, nitakuwa nimekuaibisha? Nijibu kwa kweli yako.

Mtoto wa kaka yako,
Abwola


Kitgum
1 Machi 2025

Binti wa kaka yangu,

Barua imefika imekunjwa kama sigara, lakini imefika. Nashukuru kwamba mko hai. Nilikuwa nimeanza kuwaombea kwa majina.

Hapa mvua bado. Yule mbuzi niliyempa Atoo amezaa mapacha, kwa hiyo mwanao ni tajiri kuliko wewe. Masikio yako vilevile: la kulia limekwenda, la kushoto lilikuwa linasikia kwaya ya kanisani, sasa naona midomo tu ikifunguka. Wakristo wenzangu wananipa pole. Wangeijua ile kwaya kama ninavyoijua mimi wangenipa hongera.

Umeniuliza kwa kweli, nakujibu kwa kweli. Vumilia.

Bonny namjua. Alikuja kambini kwetu polisi akiwa kuruta, mrefu kama mwanzi, buti zote za stoo yangu hazimtoshi. Mimi ndiye niliyemtafutia zinazomtosha, nikapekua masanduku mpaka kucha zikakatika. Hajasahau. Siku nilipomwombea kazi yako hakuuliza umesoma wapi. Alisema, "Afande Lamunu akisema, imetosha." Jina langu ndilo lililokuingiza pale. Ukitoka ovyo, ni jina langu linalotoka ovyo.

Na wewe umekulia kambini, unayajua haya. Kambini mtu haachi kazi. Anahamishwa, anastaafu, au anatoroka. Njia ya nne sijaiona. Mimi nilijifungua mtoto wangu, Mungu amrehemu, na nikarudi stoo na kitambaa kimefungwa kifuani. Sikufa.

Nimekutumia odii ya simsim iliyosagwa na mafuta ya moo yaa. Hayo mafuta pakaa kifuani unapovimba, usisubiri mpaka yawe jiwe. Kanda kwa kiganja, si kwa vidole. Mguu wa kushoto unanisumbua kidogo lakini si habari.

Shangazi yako,
Lamunu


Kisugu, Kampala
17 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Mafuta yamefika, yamenisaidia. Odii pia, ingawa Haboba Zuleika ameikamata akasema itakuwa ya futari, na wakati wa Ramadhani nani atagombana na mfungaji? Atoo anatambaa kinyumenyume. Anakitazama anachokitaka, halafu anakwenda zake mbali nacho, analia kwa mshangao. Mguu wako ni habari. Niambie umekwenda hospitali.

Sasa nikuambie ya Jumanne.

Mchana Atoo alikataa uji, akakataa kikombe, akalia mpaka Haboba akaogopa. Akamfunga mgongoni, na saumu yake, akaja naye hadi getini kwetu kazini. Mlinzi akamwambia hawezi kumfungulia. Mimi niko ndani, mashine zinanguruma, na nikamsikia mtoto. Sijui nilimsikiaje lakini nilimsikia. Nikaenda mezani kwa Afande Bonny kuomba kibao.

Akasema, "Umeajiriwa kunyonyesha au kupiga pasi?"

Nikasema, "Dakika kumi tu, afande. Mtoto yuko pale."

"Husnah amefunga tangu alfajiri, hali, hanywi, anafanya kazi. Nyinyi mnaoshiba ndio mnaochoka?"

Husnah ni mwenzangu wa pasi ya pili. Akamjibu kutoka kulekule alipo, "Usinitie mimi kwenye hesabu yako, afande. Nimefungia Mungu, sikukufungia wewe." Mtu akacheka, akanyamaza haraka.

Nikarudi kwenye pasi. Maziwa yakatoka yenyewe. Yakapita aproni, yakadondoka kwenye shuka jeupe la hoteli. Afande Bonny akalichukua lile shuka akalinyanyua juu kwa mikono miwili, akazunguka nalo chumba kizima. "Tazameni! Hii ndiyo inayonifukuzia wateja." Hakuna aliyetazama. Wote waliinamia kazi zao. Nami nilisimama nikapiga pasi shuka lililofuata, kwa sababu uliniambia nivumilie. Haboba alirudi na mtoto nyumbani, akilia njia nzima. Mtoto, na Haboba pia.

Siku yangu ya kupumzika nilikwenda na Husnah kwa afisa wa kazi. Ni mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, feni yake imekufa, anajipepea na faili. Nilimweleza yote, nikidhani ataniambia ninadeka. Hakusema hivyo. Alisema siku ya kazi ya saa nane ina nusu saa ya mapumziko, na si hisani ya mtu, ni sheria. Alisema kwa kuwa nimefanya kazi zaidi ya mwaka, naweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, iliyoandikwa. Alisema pia mwajiri akikufanyia maisha yasiyokalika unaweza kuondoka hata leo, na sheria itahesabu kwamba yeye ndiye aliyekufukuza. Na ukiondoka unadai cheti cha utumishi, kinachosema ulifanya kazi gani na kwa muda gani.

Nikamuuliza, "Na akiikataa notisi?"

Alicheka mpaka akaacha kujipepea. "Nnyabo, notisi si ombi. Ni taarifa. Unampasha habari tu."

Shangazi, hiyo ndiyo njia ya nne.

Sikuombi ruhusa tena, na nakuandikia hivyo kwa heshima yote. Idd ikipita natoa notisi, na nitaumaliza mwezi wangu. Ila nahitaji elimu yako. Afande Bonny kila anayeondoka anamwita mtoro. Anasema hakuaga, aliondoka na mali, anamnyima cheti, na bila cheti hakuna udobi mwingine wa maana unaokupokea. Wawili amewafanyia hivyo mbele yangu. Wewe uliyeshika stoo ya polisi, nifundishe mtu anaondokaje asiweze kuitwa mtoro.

Wako,
Abwola


Kitgum
27 Machi 2025

Abwola,

Nimesoma. Ya getini nimeyarudia mpaka taa ikaisha mafuta.

Sikiliza basi. Mtoro hafui yunifomu. Katika miaka yote niliyoshika stoo, watoro walituletea nguo kwa njia zote: zimetupwa juu ya ukuta, zimeachwa barabarani, nyingine tulizikuta zimeuzwa sokoni Owino. Iliyofuliwa ikapigwa pasi haikuletwa na mtoro hata siku moja. Kwa hiyo fua kila kitu alichokupa. Piga pasi. Kunja kama nilivyokufundisha ulipokuwa mdogo, mikono ndani, kola juu, kingo zilingane. Glavu pamoja, funguo kama unazo juu kabisa.

Peleka mchana, watu wakiwepo. Usimkabidhi mlinzi wala usiache mezani. Simama mbele yake yeye mwenyewe. Kitaje kila kitu kwa sauti kabla hujakiweka: "Aproni, mbili. Nakabidhi." Halafu ngoja. Usiweke cha pili mpaka amesema amepokea cha kwanza. Atakasirika. Ngoja tu. Kila askari aliyepita stoo kwangu analijua hilo neno, na ukimwambia "nakabidhi" ulimi wake utajibu kabla ya kichwa chake.

Katika mwezi wa notisi usichelewe hata mara moja. Na hiyo nusu saa, kama ni yako, ichukue. Askari asiyechukua posho yake, stoo inaandika kwamba hakuihitaji.

Mguu umekwenda hospitali. Umerudi.

Lamunu


Kisugu, Kampala
11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Safari hii sijachelewa sana, na nina mengi, kwa hiyo salamu ni fupi: Atoo sasa anatambaa kwenda mbele, Wandera yuko njiani, Haboba anauliza kama Kitgum mna ukindu wa vikapu.

Tarehe mosi Aprili nilimpa Afande Bonny notisi yangu mkononi. Akaisoma. Akasema, "Nimekataa."

Nikasema, "Sawa, afande. Lakini tarehe thelathini ndiyo ya mwisho."

"Nimesema nimekataa!"

"Nimekusikia, afande." Na nikarudi kwenye pasi.

Saa saba mchana nikazima pasi. Sikwenda kuomba kibao. Nilitembea moja kwa moja mpaka getini, Haboba akiwa upande wa pili na mtoto, nikamwambia mlinzi afungue. Mlinzi akatazama dirisha la ofisi. Nikamwambia, "Baba, usimtazame yeye. Nitakaa hapahapa mbele yako." Akafungua. Nikakaa kwenye jiwe la geti, nikajifunika kanga, nikamnyonyesha mwanangu. Afande Bonny akatoka.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Ni nusu saa yangu, afande. Ikiisha narudi."

Akasimama pale. Mtu afanye nini mbele ya mwanamke anayenyonyesha? Akatazama mbinguni, akatazama viatu vyake, akarudi ndani. Nilirudi kwenye pasi kabla nusu saa haijatimia. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Husnah akatoka naye na mkeka wake, akaswali kwenye kivuli cha tangi la maji, akaja kukaa na mimi. Wiki ya Pasaka tulikuwa sita pale getini. Mmoja alileta mihogo. Yule msichana asiyekunywa maji alikunywa chupa nzima mbele yetu bila kupumua, tukampigia vigelegele vya chinichini. Ni kweli Afande Bonny alitukata malipo ya siku fulani fulani. Tulijua atafanya hivyo. Tulitoka tena.

Siku ya mwisho nilikuja na yunifomu yangu kichwani, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimeifua usiku uliotangulia na kuikunja mara nne mpaka kingo zikalingana. Mchana, wote wakiwepo, nilisimama mbele ya meza yake.

"Magauni ya kazi, mawili. Nakabidhi."

Akaniangalia. "Weka hapo uende."

Nikangoja.

"Abwola, weka hapo!"

Nikangoja, mikono imenyooka na magauni juu yake. Pasi moja baada ya nyingine zikazimwa. Husnah akasema polepole kama anayesubiri chai, "Afande, dada anakabidhi." Na Shangazi, ulimi wake ukamsaliti. Akasimama. Alisimama wima kabisa, visigino pamoja, akanyoosha mikono, akasema, "Nimepokea."

"Aproni, mbili. Nakabidhi."

"Nimepokea."

"Glavu, jozi moja. Nakabidhi."

Mpaka cha mwisho. Kisha nikamwambia, "Asante kwa kazi, afande. Naomba cheti changu cha utumishi." Hapo akazinduka. Akasema cheti hakuna.

Nimeshapeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Lakini siku ile nilitoka kwa geti kubwa, mchana kweupe, na wenzangu walinisindikiza hadi barabarani. Sijawahi kutoka mahali popote namna ile. Hata kanisani siku ya harusi yangu nilitoka nimeinama.

Abwola wako


Kitgum
3 Juni 2025

Mwanangu,

Mvua imekuja yote kwa pamoja, kama mtu aliyekuwa ameificha. Mtama umeota. Ukindu nimemtafutia Haboba, uko kwenye furushi, mwambie ni wa kuloweka kwanza.

Kuna jambo sikukuambia. Mwanzoni mwa Mei Bonny aliniletea ujumbe kwenye simu ya mwalimu, jirani yangu. Mwalimu akaniandikia kwenye ubao wa darasa, kwa kuwa hapendi kunipigia kelele, na darasa zima likasoma: MTOTO WAKO AMETOROKA KAZI AMENIAIBISHA. Barua yako ilikuwa bado haijafika. Nilirudi nyumbani nikakaa. Siku kadhaa nilikaa. Sikukuandikia kuuliza. Hayo yabaki hapo.

Barua yako ilipofika niliisoma kwa sauti, peke yangu, mbuzi ndio walionisikia. Nikarudi kwa mwalimu nikamwambia mwandikie: "Bonny, yunifomu yake ulipokea au hukupokea?" Alijibu kesho yake. Alisema Afande, mambo ya biashara ya siku hizi huyaelewi. Nikamwandikia tena: "Nimeuliza yunifomu." Mpaka leo hajajibu.

Basi nimemtumia ya mwisho. Nimemwambia jina langu nililomkopesha siku ile nalichukua, lisitumike tena kwenye udobi wake. Tena nimemwambia kwamba mtoto aliyemwita mtoro ana mtu aliyemlea, na huyo mtu hajafa.

Kuhusu kitambaa kifuani, nilichokuandikia Machi. Haikuwa vizuri. Titi lilivimba likatunga usaha, na daktari wa kambi alinipasua. Sikufa, lakini mtu asikuambie kwamba hicho ndicho kipimo.

Usiende peke yako kwa afisa.

Lamunu


Kisugu, Kampala
26 Julai 2025

Shangazi mpendwa, mama yangu,

Nisamehe, Juni yote na Julai hii zimepita kwa kupanda na kushuka ngazi za ofisi, nami nilitaka barua hii ibebe jibu, si "bado". Nimesoma yako ya mwisho mara nyingi, hasa pale pa daktari wa kambi. Nitakushika mkono siku nikikuona.

Atoo amesimama. Ameshika kikapu cha Haboba, kikapu kikaanguka, yeye akabaki wima akitushangaa. Wandera alikuwepo, kwa bahati, na sasa anadai mtoto alimngoja yeye.

Afisa alituita wiki iliyopita, mimi na Afande Bonny, tukae meza moja. Sikwenda peke yangu, Haboba alikaa nyuma yangu na tasbihi yake. Afande Bonny alikuja na suti. Alisema maneno yaleyale: huyu alitoroka, hakuaga, kiwandani kwangu watu wanapumzika vizuri sana, sijui analalamika nini.

Afisa akaniuliza kama nina shahidi. Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa. Husnah aliingia, na nyuma yake wengine wanne, na aproni zao, jasho la pasi bado liko shingoni. Walikuwa wamebanana kwenye boda mbili.

Husnah akasema, "Shikamoo, mama afisa. Tuulize haraka, tuna nusu saa tu."

Afande Bonny akageuka. "Na kwenye pasi amebaki nani?"

"Pasi zinapumzika, afande."

Haboba alicheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Afisa mwenyewe aliinamia faili, mabega yakimtikisika. Kisha akawauliza mmoja mmoja, wakajibu mmoja mmoja: kibao kilikaa wapi, mtoto alilia wapi, shuka lilinyanyuliwa vipi. Mwisho akamuuliza yeye, "Bwana, yunifomu ya huyu mama ulipokea?"

Shangazi, aliugeukia mlango. Naamini alikuwa anakuona wewe umesimama mlangoni pa stoo na kalamu sikioni. Akasema, "Nilipokea."

"Kutoka mikononi mwake?"

"Kutoka mikononi mwake."

Ikaisha hapo. Aliandika cheti palepale, kwa mkono wake, afisa akakipiga mhuri. Kinasema Abwola alifua na kupiga pasi, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, akaondoka kwa notisi. Yaliyobaki ya haki yangu atayalipa kwa awamu, amesaini. Na wale walioko mle ndani sasa wanatoka mchana kwa zamu, na kibao kimerudi ukutani. Husnah anasema hakuna anayekigusa. Alipokuwa anatoka ofisini kwa afisa, Afande Bonny alisimama karibu yangu akasema, bila kunitazama, "Mwambie Afande Lamunu namsalimu." Nimekuambia. Kumjibu ni juu yako.

Nimepata kazi. Ni kliniki ya wazazi hapahapa Kisugu, chumba cha kufulia, naweza kutembea kwa mguu. Mkubwa wa pale alisoma cheti changu akauliza kama nina swali. Zamani ningesema hapana, asante. Nikamuuliza, "Mapumziko ni saa ngapi?" Akaniambia. Nikamuuliza, "Na ya kunyonyesha?" Akanionyesha chumba, kina kiti na pazia. Mimi niliyemaliza Senior Four ya sekondari kwa shida, nilitoka mle natembea kama mtu mwenye shamba.

Sasa mahitaji yangu, na kondakta umwambie asiyakunje. Cheti changu cha Senior Four, kimo kwenye sanduku lako la chuma, chini ya blanketi. Nakala itatosha, lakini lete chenyewe. Odii, makopo mawili, na la Husnah uliandike jina maana humu ndani haliponi. Moo yaa kidogo, si ya kifua tena, ni ya mikono, sabuni ya kliniki ni kali. Mbegu za mboga ya malakwang, Haboba ametenga kipande cha ua. Nguo moja ya Atoo ya kusimamia, wewe unajua saizi kwa macho, uongeze vidole viwili. Na chandarua cha kitanda cha mtu mzima. Cha mtoto kipo. Siku hizi usiku nalala mpaka asubuhi bila kugeuka, na mbu wameshagundua.

Mwanao,
Abwola